Hongera, Walimu wa Ramani

Walimu wa shule za msingi wanaowafundisha watoto mikoa 31 ya Tanzania wanastahili pongezi kuliko wanazopata. Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya kukaririsha tu, tena bure, maana mikoa yenyewe haitulii: Manyara ilimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ikaja 2012, Songwe ikatoka Mbeya 2016. Lakini mwalimu hodari haishii kwenye majina. Anachora ramani ubaoni kwa chaki, anamwita mtoto aoneshe Kigoma, kisha anauliza wale dagaa na yale mawese ya jikoni kwao hufikaje hadi sokoni. Mtoto aliyejibu hilo, mkoa ukigawanywa kesho, anajua pa kuliweka jina jipya. Wengine wanahofia kwamba kusisitiza mikoa kutachochea ukabila. Hofu hiyo ina uzito, ila majina haya si ya makabila tu: Ruvuma na Kagera ni mito, Kilimanjaro ni mlima, na anayeijua ramani nzima hujiona mwenyeji hata Pemba, yenye mikoa miwili kati ya mitano ya Zanzibar. Wakuu wa shule, wanunulieni walimu hawa ramani mpya. Isiyo na Songwe iondolewe ukutani.