Mvua ya Sundborn

Mwaka 1888 mchoraji Carl Larsson na mkewe Karin walipewa na babake Karin nyumba ndogo ya mbao katika kijiji cha Sundborn, mkoa wa Dalarna, Uswidi. Miaka michache baadaye ukaja msimu wa joto wenye mvua isiyokatika, na mchoraji aliyezoea kufanya kazi nje akawa anazungukazunguka ndani, hana la kufanya. Inasimuliwa kwamba Karin ndiye aliyemwambia: basi chora vyumba. Akachora vyumba, watoto, mbwa, maua ya dirishani, kifungua kinywa chini ya mti. Picha hizo za rangi za maji zilitoka katika kitabu mwaka 1899, kwa jina Ett hem, yaani Makao ukipenda.

Ninayoirudia zaidi ni ile ya kona ya adhabu, Skamvrån, ya mwaka 1894. Mtoto wake Pontus alifanya utundu mezani, akafukuzwa akakae sebuleni peke yake. Baba alipoingia akamkuta kanuna kitini. Mzazi mwingine angemsamehe au angemwongezea. Huyu alikwenda kutafuta karatasi. Mtoto kamweka pembeni kabisa, mdogo, na sebule tupu ikapewa karibu nafasi yote iliyobaki. Hakuna mtu anayemkaripia ndani ya picha, wala hahitajiki. Ukubwa wa chumba unatosha.

Kazi ya mkono nayo inastahili kutazamwa taratibu. Larsson alianza na mstari: penseli kwanza, kisha mara nyingi wino, safi, usiositasita, unaozunguka kiti, mlango na shavu la mtoto kwa uzito uleule. Mstari huo aliulipia zamani. Alizaliwa Stockholm mwaka 1853 katika ufukara mkubwa, na ujana wake aliuendesha kwa kuchorea magazeti na vitabu, kazi ambayo mchoro usipoeleweka mara moja haulipwi. Rangi ya mafuta alihangaika nayo kwa miaka, hadi alipofika kijiji cha Grez nchini Ufaransa, mwaka 1882, akageukia rangi za maji. Huko ndiko alikokutana na Karin.

Anayepaka rangi ya mafuta akikosea hufunika. Rangi ya maji haifuniki kitu. Kila mpako unaonyesha ulio chini yake. Weupe nao haupakwi, unaachwa. Mwanga wa dirisha katika picha za Larsson ni karatasi tupu ambayo brashi iliizunguka bila kuigusa, na uamuzi huo lazima ufanywe kabla brashi haijalowesha karatasi popote. Ukipaka rangi ya pili kabla ya ya kwanza kukauka, zinaingiliana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ufundi huu ni kungoja, na ninashuku mvua ilimsaidia zaidi ya alivyokiri.

Karin naye alikuwa mchoraji aliyesoma Stockholm na Paris. Baada ya kuolewa akaweka brashi chini, akafuma vitambaa, akabuni samani, na chumba cha kulia kikawa chekundu na kijani. Kwa hiyo mume alipoketi kuchora "maisha ya kila siku", alikuwa anachora kazi ya mkewe iliyokwisha kupangwa rangi. Wanaosifu jicho la Larsson wangemgawia Karin nusu ya sifa hiyo. Mimi ningempa hata zaidi.

Larsson mwenyewe aliweka matumaini yake kwingine. Mwaka 1915 alikamilisha Midvinterblot, picha ya rangi ya mafuta yenye upana wa zaidi ya mita 13, inayoonyesha mfalme wa kale akitolewa kafara. Aliichorea ukuta wa jumba la makumbusho la Nationalmuseum mjini Stockholm, na jumba hilo likaikataa. Alikufa mwaka 1919 akiwa na kinyongo hicho. Picha ilinunuliwa na jumba hilohilo mwaka 1997, ikatundikwa ukutani alikokusudia. Jumba hilo ndilo linalohifadhi pia picha za Ett hem, na ile ya Pontus ina sentimita 32 kwa 43. Ukijaliwa kufika, zitazame zote mbili. Ile kubwa itakushangaza kwa dakika chache. Ile ndogo ndiyo kazi bora ya mtu yule.