Nguzo ya Kunolea Kucha: Jinsi ya Kuitambua Iliyo Bora

Kitambaa cha mbele ya spika kina kila kitu anachokitafuta paka anapotaka kunoa kucha. Kimesimama wima, kimewambwa kikakaza, kimefumwa kwa matundu madogo yanayopokea ncha ya ukucha na kuishika, na nyuma yake pana sanduku zito lisiloyumba. Paka huinuka kwa miguu ya nyuma, hunyoosha mgongo, huzamisha kucha za mbele na kuvuta kuelekea chini. Baada ya wiki chache kitambaa kimejaa nyuzi zilizochomoka, na siku ukucha utakapofika kwenye twita ya hariri, kispika kidogo cha sauti nyembamba kilicho nyuma yake, hasara haitakuwa ya sura tu bali ya sauti.

Paka hafanyi hivyo kwa ukorofi. Kukwaruza humvua ganda kuukuu la nje la ukucha, humnyoosha misuli ya mabega na mgongo, na huacha harufu yake kutoka kwenye tezi za nyayo, ili yeye na wenzake wajue hapo ni pake. Huko Marekani, kwa miaka mingi, baadhi ya wenye nyumba waliokoa samani zao kwa kumpeleka paka kwa daktari akaondolewe kucha. Upasuaji huo haukati ukucha peke yake. Huondoa mfupa wa mwisho wa kila kidole, sawa na mtu kukatwa vidole kwenye kiungo kilicho karibu na kucha. Paka wengine hubaki na maumivu ya muda mrefu, wengine huanza kung'ata au kulikwepa sanduku la mchanga. Uingereza iliupiga marufuku kwa sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006, na mwaka 2019 New York ikawa jimbo la kwanza la Marekani kuukataza. Hakuna spika yenye thamani ya maumivu hayo.

Kinga ya kweli ya spika, basi, huanzia kando ya spika yenyewe: ni nguzo ya kunolea kucha ambayo paka ataipenda kuliko kitambaa. Nguzo hizo zinauzwa kwa wingi madukani na mitandaoni, na nyingi hazifai. Zimeundwa kumpendeza mnunuzi, kwa manyoya laini na kimpira kinachoning'inia juu, wala si kumridhisha paka. Mnunuzi anayejua kazi huyapita mapambo hayo na kuishika kamba kwanza.

Kamba inayotakiwa ni ya katani. Mkazi wa Tanga au Kilosa hahitaji kufundishwa katani ni nini. Mkonge, mmea unaotoa katani, uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba yaliyokuja kuifanya Tanganyika iongoze duniani kwa zao hilo. Uzi wake ni mkavu, mgumu, wenye ukwaruzo, na unaweza kufika mita moja au kuzidi. Urefu huo ndio unaoipa nguzo maisha. Uzi mrefu hubanwa na misokoto mingi, kwa hiyo ukucha huuchambua taratibu bila kuung'oa. Uzi mfupi huchomoka mzima, na sakafu hujaa vumbi la nyuzi ndani ya siku chache.

Njia ya kuhakikisha ni nyepesi. Mnunuzi huifumua ncha ya kamba, akachagua uzi mmoja na kuuvuta polepole. Ukija urefu wa kiganja tu na kukatika, kamba imesokotwa kwa mabaki. Katika biashara ya katani daraja la 3L ni la nyuzi ndefu zilizo safi, na UG ni la chini yake. Dukani hakuna atakayelitaja daraja, lakini jicho linaliona. Katani njema ina weupe wa maziwa na mng'ao kidogo. Yenye madoadoa ya kijani kibichi au meusi haikuoshwa vya kutosha ilipotoka kwenye korona, mashine ya kuchambulia majani ya mkonge, na makapi ya jani yaliyobaki huifanya iwe na ukakasi na kuoza upesi.

Kisha inafuata pua. Kamba nyingi za kufungia mizigo hupitishwa kwenye mafuta ili zilainike na zistahimili maji, na harufu inayofanana na ya mafuta ya taa husikika mara tu mtu anaposogeza kamba usoni. Ya namna hiyo haifai hata ikiwa imara vipi: paka huikwepa, na akiitumia, anapojilamba miguu huyameza mafuta hayo. Kamba ya plastiki iliyotiwa rangi ya katani nayo hugundulika kwa kiberiti. Katani huungua kama karatasi na kuacha majivu. Plastiki huyeyuka na kufanya tone jeusi gumu. Kamba ya makumbi ya nazi, iliyoshona mitepe kwa karne nyingi, ni imara kwa kazi yake lakini si kwa hii, kwa sababu nyuzi zake ni fupi na hunyonyoka chini ya kucha.

Unene wa kamba wa milimita 6 hadi 10 unatosha. Ya milimita 8 humfaa vizuri paka wa kawaida.

Ustadi wa fundi huonekana katika kuizungusha kamba kwenye nguzo. Fundi hodari hupaka gundi ya mbao kwa upana wa kiganja tu kila mara, si nguzo nzima kwa mkupuo, maana gundi ikikauka kabla kamba haijafika haishiki kitu. Huzungusha duru nne au tano, akiikanyaga kamba kwa mguu ili ikaze, kisha huweka kipande cha ubao juu ya duru ya mwisho na kukigonga kwa nyundo mpaka zote zibanane. Mlio wa nyundo hubadilika hapo: mwanzoni ni wa kitu laini, mwishoni ni mkavu. Ndipo anapopaka gundi tena. Nguzo yenye kimo cha sentimita 90 na unene wa sentimita 10 hula karibu mita 38 za kamba ya milimita 8, na mtengenezaji anayebana matumizi huziachanisha duru ili aokoe mita kadhaa. Kidole gumba humuumbua. Mnunuzi akisukuma duru moja juu na nyingine chini, mti ukaonekana katikati, nguzo hiyo italegea mapema.

Ncha za kamba zitazamwe kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Katika kazi nzuri ncha huingizwa kwenye tundu lililotobolewa ndani ya mti na kukazwa kwa kigingi. Katika kazi mbaya hupigiliwa pini za stepla, ambazo hubaki zimetokeza kamba inapochakaa na kumchoma paka.

Kimo na uzito ndivyo vinavyowashinda watengenezaji wengi. Paka mzima anataka kunyooka kikamilifu, kwa hiyo sentimita 90 ni kiwango cha chini, na zaidi ya hapo ni bora. Kitako kiwe kipana, sentimita 50 kwa 50 hivi, cha mbao nzito. Nguzo yenyewe iwe ya mti mzima, msaji au mkaratusi, iliyofungwa kutoka chini kwa boliti na si kwa skrubu mbili fupi. Nyingi za dukani ni bomba la karatasi ngumu, na kugonga kwa kifundo cha kidole kunatosha kulitambua. Jaribio la mwisho ni kuishika nguzo juu kabisa na kuivuta kwa pembeni kwa nguvu. Kitako kikiinuka, iachwe pale pale, kwa kuwa paka aliyeangukiwa na nguzo mara moja huenda asiiguse tena, na spika bado ipo.

Nguzo iliyovikwa zulia ni ya kukataliwa moja kwa moja. Vitanzi vya zulia hunasa kucha, na paka hana namna ya kujua kwamba zulia la nguzoni ni ruhusa na la sebuleni ni haramu.

Upande wa spika nao una viwango vyake. Peter Walker wa Quad, Uingereza, alipotoa spika yake ya umemetuamo mwaka 1957 aliifunika kwa bati lenye matundu, na kwa bahati njema paka hapati pa kushika. Vandersteen Model 2 ya Marekani, iliyotoka 1977, ni kinyume chake: imevikwa kitambaa kuizunguka yote, na macho ya paka huiona kuwa nguzo kubwa ya kunolea kucha. Spika bapa za Magnepan ndizo za kuhofiwa zaidi, kwa sababu nyuma ya kitambaa kuna utando mwembamba wenye nyaya zilizogandishwa, na ukucha unaweza kuharibu hata hizo.

Kwa sabufa za kawaida zilizojaa sebuleni Dar es Salaam na Nairobi, fundi anaweza kukiondoa kitambaa na kuweka bati lenye matundu. Hapa hesabu ina maana. Matundu ya milimita 2 yaliyopangwa kwa mistari inayopishana, vitovu vikiachana milimita 3, huacha wazi asilimia 40 ya bati. Ya milimita 3 yaliyoachana milimita 4 huacha asilimia 51, na sauti hupita kwa urahisi zaidi. Kingo zitiwe ukanda wa sponji, la sivyo bati litatetemeka na kuzomea besi inapopigwa. Ibaki pia nafasi ya kutosha mbele ya koni, kwa kuwa koni ya sabufa hutoka mbele sana sauti inapopandishwa. Anayetaka kitambaa achague kilichofumwa kwa kubana na kilicho laini juu. Kipimo chake ni pumzi: ukipuliza kwa kinywa hewa ipite upande wa pili bila kukwama, na ncha ya sindano ikiburuzwa juu yake isinase.

Nguzo njema ikiwekwa chumba cha nyuma ni kazi bure. Mahali pake pa kwanza ni mbele kabisa ya spika iliyoharibiwa, palipo na harufu ya paka mwenyewe, huku kitambaa kikifunikwa kwa muda kwa selotepu ya pande mbili, kwani paka huchukia kunata. Akishaizoea, nguzo husogezwa kidogo kidogo, lakini ibaki karibu na anapolala au watu wanapokaa. Ncha za kucha zikipunguzwa kila wiki mbili au tatu, bila kuigusa sehemu ya waridi yenye damu, hata bahati mbaya ikitokea madhara huwa madogo.

Nguzo ikianza kuota nyuzi kama ndevu, huo ndio wakati paka anaipenda zaidi, na wengi huitupa hapo kwa kuiona chafu. Kamba huliwa kwanza sehemu ya juu, paka anapofikisha miguu ya mbele. Fundi aliyefikiria mbele hutoboa tundu la boliti ncha zote mbili za mti, hivyo nguzo hupinduliwa na nusu iliyokuwa chini ikawa juu. Ikifika zamu ya kuvika kamba mpya, hubadilishwa nusu moja tu, na ile kuukuu huachwa miezi michache na harufu yake.