Msimu Usiongoja Wakati Wake

Neno msimu, msomaji mpenzi, ni neno la bahari. Lilitujia kutoka Kiarabu, na wazee wa Mji wa Kale wa Mombasa walilitumia kwa majira ya pepo, ambazo ndizo zilizoamrisha biashara yao. Jahazi la Arabuni halikuweza kuteremka huku mpaka kaskazi ivume, kwenye Novemba au Desemba. Wala halikuweza kurejea kwao mpaka kusi ishike, baada ya Machi. Tajiri aliweza kuwa na fedha za kununua kila tende na kila zulia lililomo jahazini, lakini hakuwa na fedha za kununua upepo. Alikaa akangoja, kama alivyongoja mchukuzi wake.

Sasa nenda katika maduka ya barabara ya Moi katikati ya Novemba, ukaone neno hilo linavyotumiwa. Utakuta mti wa plastiki umesimamishwa karibu na mlango, umepachikwa pamba ili ufanane na mti wenye theluji, katika mji ambao joto lake hulowesha shati kabla ya saa tatu ya asubuhi. Tangazo lakuambia kwamba msimu wa Krismasi umefika. Umefika kwa upepo upi? Makanisa yenyewe hayajaingia Majilio, yale majuma ya kujiandaa ambayo huanza Jumapili ya nne kabla ya sikukuu. Muuzaji amemtangulia padre.

Jambo hili ni la ajabu zaidi kwetu sisi tunaoishi na kalenda mbili. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo Idi hutangulia kila mwaka na kuyazunguka majira yote. Mwaka 2000 Krismasi iliikuta Ramadhani katika siku zake za mwisho, na Idi ikafuata siku mbili baadaye. Mwendo huo una sababu, na sababu yake yaonekana angani mwezi unapoandama. Lakini Krismasi imetiwa nanga penye 25 Desemba. Kalenda ya Roma ya mwaka 354 yaitaja siku hiyo hiyo. Sikukuu isiyotembea inakokotwa.

Usidhani ukokotaji huu ulizaliwa Mombasa. Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliitanguliza kwa juma moja Sikukuu ya Shukrani, ambayo huja Novemba, kwa kuwa wenye maduka walilalamika kwamba siku za kuuza vitu vya Krismasi zingekuwa chache. Majimbo mengine yalikataa, nchi moja ikawa na sikukuu mbili, hata Bunge likakata shauri kwa sheria mwaka 1941. Taifa kubwa lilibishana juu ya siku saba za kuuza!

Simlaumu kila mfanyi biashara. Fundi cherehani anayepokea vitambaa vya kanzu kabla ya Ramadhani ana haki ya kuanza mapema, kwa sababu mikono yake ni miwili na wateja ni wengi. Mti wa plastiki hauna udhuru huo. Hata hivyo sitaupita Mtaa wa Biashara kimya: kumi la mwisho la Ramadhani, ambalo dini imelikusudia kwa ibada kuliko siku nyingine, ndilo ambalo njia zake hazipitiki usiku kwa wanunuzi. Ladha ya Idi hutoka katika mfungo, na furaha ya Krismasi hutoka katika kungojwa kwake. Ajapo mtu akauza sikukuu kabla ya wakati, kitu cha kwanza anachokutoza ni ule ungojeo, nawe hupewi stakabadhi.

Cha pili ni fedha. Mzazi aliyeanza kununua Novemba, kidogo kidogo na mara nyingine kwa mkopo, huifikia Januari mikono mitupu. Watani wamekwisha kuuita mwezi huo Njaanuari, na wewe, mwanafunzi, ndiwe unayesimama mlangoni na sanduku lako ukiulizwa karo. Ukitaka kuyapima maneno yangu, twaa kalamu mwaka huu uandike tarehe ya tangazo la kwanza la Krismasi utakaloliona mjini; kisha, katika ukurasa huo huo, uandike tarehe ambayo karo ya muhula wa kwanza ilimalizika kulipwa nyumbani kwenu.