Ziwa Halina Mteremko wa Kitangari

Nisizunguke: kuchagua ziwa kuwa uwanja wa majaribio ya droni kulikuwa kosa. Mliiona video ile ya 2018, droni ya Wingcopter ikinyanyuka wima Mwanza, ikalaza rotari na kukata maji hadi kisiwa cha Ukerewe. Kilomita 60 kwa dakika 40, mzigo hadi kilo 4, badala ya saa sita za barabara. DHL na shirika la Ujerumani la GIZ waliendesha jaribio hilo, Deliver Future, kwa miezi sita. Ndege yenyewe ni nzuri. Hapo sina neno.

Neno langu ni njia. Juu ya Ziwa Victoria hakuna kinachosimama kati ya antena na ndege. Tengeneza simulesheni ya kivivu, yenye ardhi bapa na kila droni kupewa duara lake la mawasiliano, utapata ziwa lilelile. Jaribio la nje likathibitisha kile ambacho kompyuta ingekisema bila mtu kutoka ofisini. Gawa kilomita 2,200 walizoruka kwa 60: mikupuo kama 37, mstari uleule.

Sasa ilete kazi hiyo kwetu Kitangari, kusini mwa Tanzania. Droni tatu: moja bondeni Mitema, kwenye visima vya maji ya Makonde, ya pili juu Newala, ya tatu yaenda Masasi. Ya bondeni ikishuka nyuma ya mteremko, redio inakatika. Taarifa ya mwisho iliyofika kwa nyingine ina umri wa sekunde mbili. Kwa mwendo ule wa Ukerewe, ndege imeshasogea mita 50. Nani ampishe nani? Hilo ndilo swali la mtandao wa kuratibu droni, na njia moja juu ya maji haiwezi hata kuliuliza.

Watafiti Vásárhelyi, Vicsek na wenzao wa Budapest walikwishaonyesha namna ya kulijaribu swali hilo. Mwaka 2014 walirusha droni 10 zilizoratibiana zenyewe, bila kituo cha kuziamuru. 2018 zikafika 30. Simulesheni yao waliichafua makusudi: GPS inayoyumba, ujumbe unaochelewa, redio isiyofika mbali. Kompyuta ikatafuta vigezo vya kuziongoza droni humohumo kwenye uchafu, kisha ndege zikatolewa nje kuvihukumu. Wale ndio mafundi.

Sisi wa kusini ugonjwa huu wa kupima mahali rahisi tunaujua, na sitachoka kuusema. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na Wakefield ulikagua ardhi ya mpango wa mashamba ya karanga kwa wiki chache tu, mara nyingine ukiwa angani. Nachingwea ikang'olewa misitu, na 1951 Uingereza ikaufuta mpango wenyewe.

Basi atakayekuja kutuuzia kundi la droni, za kupuliza mikorosho au kupeleka dawa, aanzie mteremko wa Kitangari. Arushe tatu kwa pamoja, moja aizime redio kusudi. Zikipishana salama, tutazungumza bei.