Kipimajoto tumboni mwa barafu ya Kibo

Nyuzi 1.2 chini ya sifuri kwenye kina cha mita 10, nyuzi 0.4 chini ya sifuri karibu na mwamba. Vipimo hivi viwili vilichukuliwa mwaka 2000 ndani ya Uwanja wa Barafu wa Kaskazini, kule juu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na mimi naviheshimu kuliko picha zote za Kilimanjaro ya zamani na ya sasa zinazowekwa ubavu kwa ubavu. Picha inakuonyesha kwamba barafu imepungua, basi. Ukitaka kujua joto linaingilia upande gani, na kama bonge lile linatembea au limekaa palepale, huna budi kuingiza kipimajoto ndani.

Waliofanya hivyo ni Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake. Walitoboa mashimo sita hadi kwenye mwamba: matatu kaskazini, mawili kwenye Uwanja wa Kusini, na moja kwenye barafu ndogo ya Furtwängler. Jumla walitoa takriban mita 215 za miche ya barafu, ule mrefu kuliko yote ukikaribia mita 51. Shabaha yao kubwa ilikuwa historia ya tabianchi iliyohifadhiwa ndani ya miche hiyo, na matokeo yakatoka kwenye jarida la Science mwaka 2002. Joto la mashimo lilipewa nafasi finyu mle. Ndilo ninalolishughulikia hapa.

Kupima joto la barafu kuna mtego wake. Shimo lenyewe linaharibu kile unachotaka kukijua, kwa sababu kekee inaposugua huacha joto ukutani, na hewa ya nje nayo huingia. Kwa hiyo kamba yenye vihisi vya thamista, vipande vidogo ambavyo ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri joto linavyobadilika, hushushwa na kuachwa itulie hadi vihisi vilingane na barafu inayovizunguka. Asiyevumilia hapa hurudi nyumbani na joto la kekee yake. Mita 10 nazo hazikuchaguliwa kwa kubahatisha: karibu na kina hicho mabadiliko ya msimu huwa yamefifia, hivyo barafu kavu inayokaa kwenye baridi kali hubaki na joto linalokaribia wastani wa hewa ya mwaka mzima.

Hapo ndipo Kibo inapoanza kushangaza. Kituo cha hali ya hewa kilichowekwa mwaka uleule juu ya Uwanja wa Kaskazini, kwenye mita 5,794, chini ya uangalizi wa Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, kilionyesha wastani wa hewa wa takriban nyuzi 7 chini ya sifuri. Barafu ya ndani ilikuwa na nyuzi 1.2 tu chini ya sifuri. Ni tofauti ya karibu nyuzi 6, na hewa haiwezi kuwa ndiyo iliyoipasha barafu, maana hewa ndiyo yenye baridi zaidi.

Wepesi wa kusema watanyooshea kidole volkano. Kibo imelala, haijafa, na gesi bado zinafuka ndani ya kreta ya Reusch. Lakini tupige hesabu. Kutoka mita 10 hadi mwamba, kama mita 40, joto linapanda kwa nyuzi 0.8, yaani nyuzi 0.02 kwa kila mita. Zidisha kwa uwezo wa barafu kupitisha joto, wati 2.2 kwa mita kwa kila nyuzi, upate takriban miliwati 44 kwa kila mita ya mraba zikipanda kutoka chini. Hicho ni kiasi cha kawaida kabisa. Ardhi ya bara isiyo na volkano yoyote hutoa kama hicho au zaidi. Hata joto hilo lote lingetumika kuyeyusha, lingekula milimita 5 hivi za barafu kwa mwaka. Kati ya 2000 na 2007 Uwanja wa Kaskazini ulipungua unene kwa mita 1.9, sawa na milimita 270 kwa mwaka. Volkano, kwa kesi hii, iachiwe huru.

Linabaki jua, na maji yanayoganda upya. Mionzi hupenya sehemu ya juu ya barafu na kuipasha hata hewa ikiwa chini ya sifuri. Tone likiyeyuka juu na kuganda tena sentimita chache chini, hutoa joto fiche: gramu moja ya maji ikiganda inaweza kupandisha joto la gramu 160 za theluji kwa nyuzi moja. Viputo vilivyorefuka, ambavyo ni alama ya kuyeyuka na kuganda upya, vilionekana kwenye sentimita 65 za juu za mmoja wa miche ya kaskazini, na kule chini havikuwepo. Maji hayajashuka mbali, ila joto halihitaji maji ili lishuke. Kwa kupita ndani ya barafu yenyewe hufika mita 10 katika miaka michache.

Sasa mwendo. Barafu husogea kwa kujikunja ndani kwa ndani polepole, au kwa kuteleza juu ya mwamba ikiwa chini yake kuna utando wa maji. Kuteleza tunakuondoa mapema: uzito wa mita 50 za barafu hushusha kiwango cha kuyeyuka kwa nyuzi 0.04 hivi, na kipimo kinasema 0.4. Uwanja wa Kaskazini, pale ulipotobolewa, umegandia mwamba. Kujikunja ni suala jingine. Majaribio ya John Glen miaka ya 1950 yalifungua njia ya kueleza jinsi barafu inavyolegea, na leo tunajua kwamba karibu na sifuri hujikunja kama mara saba kwa kasi kuliko ikiwa na nyuzi 10 chini ya sifuri. Kwa joto peke yake, barafu ya Kibo ingepaswa kuwa laini na yenye kusogea.

Inakosa msukumo. Msukumo hutokana na unene ukizidishwa na mteremko, na uwanja ule umekaa mahali karibu tambarare. Tuchukue mita 50 na mteremko wa digrii 1: mkazo chini ni kama kilopaskali 8, wakati barafu za mabondeni huenda kwa mkazo unaokaribia 100. Na kwa kuwa kasi hufuata mkazo kwa kipeo cha tatu, mkazo uliopungua mara 12 hupunguza kasi zaidi ya mara 1,000. Rada iliyopitishwa juu ya uwanja huo, ambayo Pascal Bohleber na wenzake waliieleza mwaka 2017, ilikuta matabaka ya ndani hayajavurugika, jambo linalokubaliana na barafu isiyosogea.

Hili lina gharama. Barafu inayotembea hulisha ncha yake kutoka juu, na kinacholiwa pembeni hufidiwa. Ya Kibo hailishi kitu. Ukingo wake umesimama wima kama ukuta, jua linaukata, na kilichokatwa kimekwenda. Kutoka kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, barafu yote ya Kibo ilibaki 1.85 mwaka 2007. Hata ubishi kuhusu umri wake umefungamana na utulivu huu: kundi la Thompson lilikadiria tabaka la chini lina miaka kama 11,700, naye Georg Kaser na wenzake mwaka 2010 wakahoji, wakisema barafu ya tambarare ile ingeweza kutoweka na kuzaliwa upya ndani ya muda mfupi zaidi.

Kusini mambo ni tofauti, na kipimajoto hakitoshi tena. Muuza samaki wa hapa Igoma anazijua barafu mbili. Bonge lililotoka kwenye friza ni kavu na linanata kiganjani. Likikaa kwenye gunia hadi mchana linalowa na kuteleza. Chomeka kipimajoto kwenye hilo la pili likiwa zima, kitasoma sifuri. Rudi likiwa limebaki nusu, kitasoma sifuri ileile, kwa sababu joto lote linaloingia linatumika kuyeyusha. Mashimo ya Uwanja wa Kusini yalikuwa tayari karibu na sifuri mwaka 2000, na Furtwängler, mita 9.5 tu za unene, ilikutwa imelowa maji kuanzia juu hadi chini. Uwanja wa Kusini ulipoteza mita 5.1 kufikia 2007.

Kwa barafu ya namna hiyo cha kupima ni maji: kiasi chake ndani ya barafu, na kama yanafika mwambani. Kenya wana mfano wa karibu. Barafu ya Lewis, iliyo kwenye mteremko wa Mlima Kenya na yenye joto la kuyeyuka, kweli ilikuwa ikitembea, na Stefan Hastenrath aliifuatilia kwa vijiti vilivyochomekwa juu yake tangu miaka ya 1970, akaona kasi ikishuka kadiri unene ulivyopungua. Kwenye Furtwängler, vijiti na rada vingesema mengi kuliko thamista.