Waya kwenye Pia ya Goti

Mwanza ni mji wa mawe. Anayeishi Bugarika au Igogo hafiki kwake bila kupanda, na kupanda ni kazi ya goti. Kwa hiyo pia ya goti ikivunjika huku, si jambo dogo, hata kama majeruhi anatembea. Wengi hutembea. Bodaboda ilimwangusha, au aliteleza mwaloni akishusha dagaa. Akachuliwa, akafungwa vijiti, maumivu yakatulia, akahesabu amepona. Miezi baadaye bado anakandamiza paja kwa mkono kila anapopanda ngazi, maana mguu haujinyooshi. Pitisha kidole juu ya goti hilo, kitatumbukia: kipande cha mfupa juu, kingine chini, katikati kovu tupu.

Daktari wa mifupa anayelikubali goti la namna hiyo namheshimu sana. Pia iliyovunjika jana vipande vyake hukutana kwa urahisi. Ya zamani ina msuli wa mbele ya paja, ambao umekivuta kipande cha juu, kisha ukafupika na kukakamaa kama ukanda wa ngozi ulioachwa juani. Kuufunga mfupa si kitu. Kuurudisha msuli ndiko kwenye kazi. Daktari anaubandua kutoka kwenye kovu lililougandisha na mfupa wa paja, pande zote, taratibu. Anavuta, anasubiri, anavuta tena. Ukigoma, anaikata kano yake kwa umbo la V na kuishona kwa umbo la Y, apate sentimita chache. Kuna njia ya mkato, kuitoa pia yote, lakini pia ndiyo inayousogeza msuli mbele ili uvute kwa nguvu. Bila hiyo mguu hubaki dhaifu. Fundi mzuri huikwepa njia hiyo mpaka ashindwe kabisa.

Vipande vikikutana, kingo zake hukwanguliwa hadi zitoe damu. Pini mbili nyembamba hupita wima ndani yake, na waya wa chuma huzungushwa mbele kwa umbo la nane, ukakazwa kwa koleo. Hapo ndipo penye akili: goti likikunjwa, nguvu ileile ambayo ingevitenganisha vipande inavibana. Daktari wa upasuaji Joseph Lister alipoifungua pia na kuiunga kwa waya wa fedha jijini London, Oktoba 1877, kufungua goti kulihofiwa kama kifo, kwa sababu ya usaha. Leo, kwa hospitali kama Bugando ya huku Mwanza, inayopokea majeruhi wa Kanda ya Ziwa yote tangu 1971, nafurahi kwamba ufundi huu hauhitaji vyuma vya bei kubwa. Unahitaji mikono yenye subira.

Halafu anaingia mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye watu humsahau wanaposhukuru. Nyuzi 90 zinamtosha mtu kukaa kitini. Kuchuchumaa chooni au kusujudu kunataka zaidi, na goti la zamani huzitoa nyuzi hizo mojamoja, kwa maumivu, na pengine zisitimie. Kazi hii haina kisu wala ganzi, inachukua miezi, na ikiachwa, msuli ulioshushwa kwa taabu mezani unakakamaa upya.