Kituo Kilichojengwa kwa Ajili ya Madini

Kabla ya kuwa bandari ya wasafiri wa anga za mbali, kituo cha Deep Space Nine kilikuwa kiwanda cha kuchakata madini. Wapenzi wa tamthilia ya Star Trek yenye jina hilo, iliyoanza kurushwa Marekani Januari 1993 na kumalizika 1999, hupenda kuzungumzia vita vyake, manabii wake na kamanda wake mweusi, Benjamin Sisko, aliyeigizwa na Avery Brooks. Mtazamaji wa Kolwezi, mji wa madini huko Kongo, ana haki ya kuanzia kwingine. Kituo kilijengwa na Wakardasia, wageni walioikalia sayari ya Bajor kwa mabavu, na Wabajor ndio waliofanyishwa kazi humo kwenye tanuri. Wageni walipofungasha virago, waling'oa kila kilichong'oleka. Wenyeji wakabaki na jengo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa lichorwe vipi.

Hapo ndipo ulipo ufundi wa kusifiwa. Vyombo vya Star Trek vilivyotangulia vilikuwa vya wenyewe waliovitumia: kapeti safi, viti laini, mwanga wa kutosha. Herman Zimmerman, mbunifu mkuu wa mandhari, safari hii alitakiwa kubuni nyumba ya adui, kisha awahamishie mashujaa ndani yake. Yeye na wachoraji wake, akiwamo Rick Sternbach, waliwapa Wakardasia tabia za kihandisi. Wanapenda vitu vitatu vitatu. Hawapendi pembe mraba. Ukikitazama kituo kwa mbali unaona kiini, pete mbili zinazokizunguka, na minara ya kuegeshea vyombo, mitatu ikipinda kwenda juu na mitatu kwenda chini, mfano wa makucha yaliyoshika kitu ambacho hayana nia ya kukiachia. Kwenye skrini hicho ni kitu kikubwa cha kutisha. Studioni kilikuwa modeli yenye upana wa takriban mita 1.8, iliyojengwa na Tony Meininger na mafundi wake.

Tazama milango tu. Pale vyombo vinapotia nanga, mlango ni gurudumu zito lenye meno linalobingirika pembeni kupisha watu. Mlango wa kawaida ungetosha kabisa, tena kwa gharama ndogo. Lakini gurudumu lile linasema, bila mhusika yeyote kufungua kinywa, kwamba waliojenga hapa walifikiria mashine kwanza na binadamu baadaye. Aliyewahi kusimama karibu na kinu cha kusagia mawe, meno yake makubwa yakizunguka, hahitaji kutafsiriwa.

Ofisi ya mkuu wa kituo nayo imepandishwa juu ya ngazi, ikitazama chini kwenye chumba cha uendeshaji. Kila anayeitwa lazima apande, na kila anayebaki chini lazima ainue shingo. Sisko anairithi ofisi hiyo kama ilivyo. Ni mtu mwema, ila ngazi hazijui hilo.

Kolwezi ilichorwa kwa kalamu ya aina hiyo. Mwaka 1937 kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut-Katanga iliuanzisha mji huo juu ya shaba na kobalti, kambi za wafanyakazi zikiwa mbali na mtaa wa Wazungu. Kule Lubumbashi pengo kati ya pande hizo mbili liliachwa rasmi kuwa eneo la kati lisilojengwa, na mpiga picha Sammy Baloji alilifanyia kazi mwaka 2013 kwa picha zilizopigwa kutoka angani, akizipanga pamoja na picha za inzi na mbu waliotumika kama kisingizio cha kuwatenga watu. Huko Kolwezi, kiwanda cha madini cha Luilu kilianza kazi mwaka 1960, mwaka wa uhuru. Mwaka 1967 Union Minière ilitaifishwa, na kampuni ya serikali iliyozaliwa hapo ndiyo baadaye ikajulikana kama Gécamines. Kampuni ilitoa nyumba, shule, hospitali na unga, hadi wafanyakazi wakaiita baba na mama. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika kitabu kizima, kilichotoka 2001, kuhusu watoto walioachwa na baba huyo.

Baba huyo yumo pia kwenye tamthilia. Katika kipindi cha mwaka 1994 kiitwacho "Civil Defense", Sisko, mwanawe Jake na fundi mkuu O'Brien wanasafisha karakana ya zamani ya madini, wakaigusa programu iliyosahauliwa ndani ya kompyuta. Kompyuta inawachukua kuwa wafanyakazi walioasi. Uso wa Dukat, mtawala wa zamani, unatokea kwenye skrini ukiwasihi kwa upole wa mzazi wajisalimishe, kisha gesi inafuata. Dukat mwenyewe anakuja kuwacheka, na anaponaswa humo humo anagundua kwamba mkubwa wake aliweka mtego wa kumzuia asikimbie. Waandishi wachache wa televisheni wameeleza vizuri hivyo jinsi amri ya mkoloni inavyobaki ndani ya nyaya baada ya mwenyewe kuondoka.

Lualaba, mkoa ulipo mji wa Kolwezi, ina mchoro mwingine, wa zamani kuliko kampuni yoyote. Musumba, makao makuu ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, huko Kapanga, ulipangwa kwa umbo la kobe, kila kundi la watu wa ikulu likiwa na sehemu yake mwilini. Mfalme mpya aliweza kuuhamisha na kuujenga upya kwingine. Nao ulionyesha nani yuko juu ya nani, hilo halina ubishi. Ila waliouchora ndio waliolala ndani yake.

Kasoro ya Deep Space Nine ni vumbi. Hakuna. Kiwanda kilichosaga mawe kwa miaka mingi kingeacha unga kwenye kila kona, na mafundi wa Hollywood walikifuta wakabakiza kutu ya heshima. Walifanya vizuri zaidi katika "Necessary Evil" ya mwaka 1993, inayorudi enzi za ukoloni: barabara ya maduka ni ile ile, taa zimepunguzwa, uzio umewekwa katikati, na papo hapo mtazamaji hataki tena kutembea pale.

Mwaka 2019 watu wa Lubumbashi walionyeshwa modeli ya aina nyingine. Jean Katambayi Mukendi, Sammy Baloji na Daddy Tshikaya walitengeneza gari zima la Tesla, kwa ukubwa wa gari halisi, kwa waya wa shaba uliopindwa kama watoto wa Katanga wanavyopinda waya kujitengenezea magari ya kuchezea. Zimmerman aliificha historia ya kituo chake ndani ya ngazi na milango ili mtazamaji aifikie polepole. Hawa watatu waliiweka nje, kwenye malighafi yenyewe, na kwa kuwa gari ni waya mtupu, unaliona lote hadi upande wa pili.